Kona Yako ya Vitabu Wameivunja

Mama Neema,

Nilitaka nikuandikie maneno ya kutuliza, lakini nina hasira, na nikikasirika wewe ndiye niliyezoea kukwambia. Kona yako ya vitabu pale shuleni wameivunja.

Tulikuzika theluji ikiyeyuka. Shule ilipofunguliwa mwezi wa nane, mwalimu mkuu mpya alikuwa ameshaondoa zulia, mito na lile kochi la bluu uliloomba kwa majirani hapa mtaani Husby. Vitabu amevifungia stoo. Eti kona ilileta vumbi na kelele, watoto wanacheza badala ya kusoma. Kucheza! Miaka yote uliyokuwa msaidizi wa darasa pale uliwaacha walale chali, wasome kwa sauti za mbuzi na za mabibi, na mtu akilalamika ulimwambia, "Mwache acheke, anasoma huyo."

Sasa wanasoma wamesimama mbele ya wenzao, mwalimu kashika saa. Anayemaliza ukurasa haraka anabandikiwa nyota ukutani. Neema wetu hana hata moja. Unamjua, hawezi kuipita picha bila kuitazama, na akikuta neno linalompendeza analirudia. Wamemwita mzito. Jina hilo amekuja nalo nyumbani. Nikimwekea kitabu mezani anakigeuza kifudifudi; nikimuuliza kwa Kiswahili ananijibu kwa Kiswidi kwamba kusoma ni kwa wenye akili. Mtoto aliyekuwa akisoma hata maandishi ya boksi la maziwa!

Nikabadilishana zamu ya kuendesha basi na mwenzangu, nikaenda shuleni. Mwalimu wake bado kijana, si mtu mbaya, lakini alizungumza nami polepole kama anayeongea na kiziwi. Akaniuliza kama nyumbani kwetu huwa tunawasomea watoto. Damu ikanipanda. Nikamwambia kwa Kiswidi changu hikihiki cha kuungaunga, "Mama yake ndiye aliyewasomea watoto wa shule hii, hapo ulipoweka kabati." Akageuka kulitazama kabati. Hakuna aliyemweleza. Hawajakutaja kabisa, mke wangu, utadhani kona ile iliota yenyewe.

Nikamwomba aweke saa mfukoni, afungue stoo, amwache Neema achague. Neema akatoka na kile kitabu cha mbuzi aliyekataa kunyolewa ndevu. Akakaa sakafuni, akaanza kimyakimya. Kisha ikatoka ile sauti yako ya mbuzi, ya puani. Watoto waliokuwa wakivaa makoti kwenda nje wakarudi mmoja mmoja, wakakaa. Hakuna aliyewaita. Mwalimu naye akavuta kiti. Mimi nikatoka nje, koridoni. Sikutaka Neema anione usoni.

Tangu hapo mwalimu ameacha saa. Siku za Ijumaa anatoa vitabu, watoto wanasoma wanavyotaka, na Neema ameanza tena kusoma nyumbani bila kusukumwa. Lakini Ijumaa tu! Mwalimu mkuu, yeye hajabadilika. Kwenye mkutano wa wazazi alisema chumba hakina nafasi, na kwamba watu wa mitaa yetu tushukuru kwa tulichonacho. Alisema huku akitabasamu. Yule jirani yetu Mrundi, Mama Claudine, alisimama kabla yangu, akamuuliza kama watoto wake yeye husoma wamesimama, wanapimwa kwa saa. Basi tumekubaliana, wazazi wa jengo letu zima, tunakwenda manispaa wiki ijayo. Hata wale waliokuwa hawasalimiani kwenye lifti wanakuja.

Nimekuandikia barua ndefu, na bado sijatulia. Ulikuwa unanishika mkono chini ya meza nikianza kufoka. Siku hizi hakuna wa kunishika, kwa hiyo nafoka.

Pumzika, mpenzi. Ugomvi huu niachie mimi. Nakuahidi kona itarudi, na siku itakapofunguliwa nitawafanya walitamke jina lako mbele ya watoto, bila kulikosea.

Wako,
Baba Neema