Kimo cha meza ya kurandia

Kirumba, Jumamosi

Karakana itakuwa hatua kumi kwa sita, ili ubao mzima ugeuke ndani. Tangu apunguzwe kazi kiwandani, Baba anaiwaza hiyo tu. Leo nimepima mimi uani, maana yeye akitembea kidogo anakohoa, anakaa chini.

Meza ya kurandia humfikia fundi wake kiunoni, kwa hiyo nikaichora kwa kimo cha Baba.

"Futa," akasema. "Pima kiuno chako."

"Baba, si utainama mno? Mgongo je?"

"Pima tu, mama. Na dirisha liwe mashariki, usije ukaranda gizani."

Akiniita mama huwa nacheka. Leo sikuweza. Nimefuta, nikaandika kimo changu. Sikuthubutu kumuuliza yeye atasimama wapi.