Jina la kwenye tikiti

Likasi, siku ya tatu

Kabanga, mwana yangu,

Minye niko muzima, na samaki ya kukauka ya Kapolowe iko tayari. Lakini jana ndege ya Bruxelles ilienda bila minye! Kwenye tikiti uliandika Mwambuyi, jina la mama aliyezaa mapasa, watoto wawili mara moja. Kwenye paspoti niko Kapinga Fidélie. Nikamwambia mama wa kuangalia mapaspoti, "Likasi yote inaniita Mwambuyi!" Akacheka: "Mama, mashini haijue Likasi."

Badilisha tikiti, jina lifanane na paspoti herufi kwa herufi. Na umwambie huyo mujukulu wangu wa tumboni aningojee.

Lakini nikitoka pale mulangoni Bruxelles, uniite Mwambuyi, kwa nguvu. Mbuyi, pacha wako, alikufa mungali munanyonya. Aliniachia jina hilo tu, mama ya Mbuyi.

Ni minye mama yako,
Mwambuyi