Njeri na Jaribio la Nne

Wanjiru dada yangu, nakusalimu, hata kama simu zangu huchukui.

Leo nimepiga kelele hapa Birmingham mpaka sauti imekauka. Mjukuu wetu Njeri anacheza mpira wa Kimarekani, ule uliochongoka kama papai. Timu hupewa majaribio manne kusogea yadi kumi, ikishindwa inanyang'anywa mpira. Walibakiwa na jaribio la mwisho, na Njeri alishauangusha mara mbili. Kocha akataka kumtoa. Nikamfokea Njeri, "Unaukumbatia wa nini? Udake kwa vidole, kama kabichi inayorushwa kutoka kwa lori!"

Akaudaka, akakimbia nao mpaka mwisho wa uwanja.

Kocha akaniuliza nilichezea timu gani. Nikamwambia, "Sokoni, na dada yangu, miaka thelathini."

Kunywa dawa ya presha bila ubishi. Mungu akutunze.

Dadako, Nyambura