Kiganja Kwenye Wavu

3 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini magoti hayakusumbui sana na Kipusa wangu anakula vizuri. Mimi sijambo, kifungo ni kifungo tu. Cherehani za humu gerezani zimenikomaza vidole.

Mama, nina ombi. Tarehe kumi Kipusa anatimiza miaka mitatu. Siku hiyo usimlete hapa. Miaka miwili sasa ananijua kupitia wavu wa chumba cha wageni: anaweka kiganja chake kule, naweka changu huku, basi, ndiyo kukumbatiana kwetu. Mpeleke bustani ya wanyama amwone twiga, apige kelele, arudi hoi. Miaka minne iliyobaki nitaimaliza, mradi asinisahau.

Mwanao

14 Machi

Mwanangu,

Nimefurahi kusikia u mzima. Magoti yangu yapo, yananikumbusha umri kila asubuhi.

Tulikwenda. Mwanao ni kituko! Getini mlinzi aliomba kuona mkoba wangu, Kipusa akanyanyua mikono juu apekuliwe, kama anavyofanya huko kwenu. Mlinzi akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Na mimi nikacheka, halafu nikageukia pembeni nikajifuta macho.

Mbele ya simba akaniuliza, "Bibi, huyu amekosa nini?" Nikamwambia hajakosa kitu, hapo ndipo nyumbani kwake. Hakuniamini. Kila kizimba alichungulia, "Mama yuko chumba gani?" Twiga wako hata hakumtazama, maana twiga hana wavu.

Amejikwaruza kidogo kidoleni, si kitu. Jumamosi ya mwisho wa mwezi namleta, utake usitake. Mtoto anakutafuta.

Mama yako

2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Leo sina nguvu za kuulizia afya. Nimemkosea nini mtoto? Wiki mbili nilikuwa nikiihesabu hiyo Jumamosi. Nikaweka kiganja kwenye wavu, naye akaficha mikono mgongoni, akarudi kinyumenyume mpaka magotini kwako. Nikamwita, akaangua kilio. Nusu saa nzima kiganja changu kilikaa pale peke yake, wenzangu wakitazama.

Nani amemjaza maneno? Umemwambia nini juu yangu? Na kile kidole kilichofungwa bendeji, ni mkwaruzo gani huo usiopona?

Mwanao

11 Aprili

Mwanangu,

Sikuulizi hali, ninaijua.

Sikumwambia neno baya hata moja. Ila nilikuficha jambo. Siku ile, kwenye kizimba cha nyani, alimwona jike amembeba mwanawe. Akasema, "Mama huyo." Akaenda akaweka kiganja kwenye wavu, kama mfanyavyo. Nilikuwa hatua mbili tu nyuma yake, ningeweza kumvuta. Nikamwacha, kwa sababu ndiyo mara ya kwanza siku hiyo alikuwa anatabasamu.

Yule jike akamng'ata. Hospitali wamekata ncha ya kidole cha shahada, mkono wa kulia. Niliogopa kukuandikia ukiwa humo ndani, huna pa kukimbilia. Bado ananiuliza kwa nini mama amemng'ata. Nimemweleza mara mia kwamba yule alikuwa nyani. Ananiitikia, "Ndiyo, bibi," kisha anaficha mikono. Nisamehe, mwanangu.

Mama yako

30 Mei

Mama,

Shikamoo. Poleni nyote wawili. Nimekaa na barua yako wiki saba. Nilitaka kukukasirikia nikashindwa. Bustani niliichagua mimi, na mchezo wa viganja nilimfundisha mimi.

Mlete. Msisogee kwenye wavu, kaeni benchi la nyuma kabisa. Usimlazimishe kunisalimia. Nami nitakaa mikono yangu ikiwa mgongoni kama yeye, mpaka siku atakayoitoa yake mwenyewe. Nina miaka minne ya kusubiri.

Njiani mwambie kitu kimoja tu. Mwambie mama hang'ati.

Mwanao