Fundi, Mistari Yako Bado Ipo

Fundi wangu,

Duka liko wazi. Naanza na hilo maana ndilo ungeniuliza la kwanza, hata kabla ya kuuliza hali yangu.

Baada ya arobaini yako, mkeo Mama Salma alinikabidhi funguo na ile kompyuta yako kuukuu. Akasema, "Chukua, Zuhura. Mimi nitaifanyia nini, niitazame tu?" Nikaondoa khanga uliyokuwa ukiifunikia ili vumbi la Nachingwea lisiingie, nikaiwasha. Ikaja ile skrini nyeusi yenye maandishi meupe, ile iliyowafanya watu wa stendi wakuite mchawi. Nikabonyeza mshale wa juu kama ulivyonifundisha, na mstari wa mwisho uliouandika wewe ukapanda: ulikuwa unamwekea kijana mmoja nyimbo za singeli kwenye memori kadi. Siku iliyofuata ndipo presha ikakuchukua. Jamani, fundi! Nililia mle dukani mpaka muuza vocha wa jirani akaja kugonga.

Nikabonyeza tena na tena. Ukawa unarudi nyuma, siku kwa siku. Pengi nikakuta umeiandikia mashine "hujambo". Nilikuwa nimeshasahau! Kila asubuhi uliisalimia, nayo ikakujibu kwa Kiingereza kwamba amri hiyo haiijui, halafu ukanigeukia: "Umeona? Haina adabu hii." Kisha kile kicheko chako cha kukohoa.

Mimi nilikuja kwako kutoka Matambarale, kule Ruangwa, sijui hata kuwasha. Wateja walileta flashi zimejaa virusi, kompyuta za wenzako zikafa moja moja, yako inadunda tu. Nilidhani umeizindika. Ukasema hakuna cha dawa, hii haifungui kitu mpaka uiambie. Ukanionyesha kile kimstari cha wima, kinachochukua kilichotoka kwenye amri moja na kukimwaga kwenye nyingine: hii inaorodhesha nyimbo zote, ile inachambua kaswida, nyingine inatupa zilizojirudia. "Ni kupeta ufuta tu," ulisema. Mimi nilikuwa nafungua folda moja moja kwa kipanya, wewe umekaa pembeni na chai yako, Mmakonde unamcheka Mmwera. "Endelea, mtani. Ukimaliza nishtue, nitakuwa nimeshazeeka." Hukuzeeka.

Sasa nikwambie yaliyonipata. Ni wewe uliyenieleza kwamba mashine haikumbuki yote. Ina kikomo chake, na ikijaa, kila mstari mpya unausukuma nje ule wa zamani kabisa. Basi nikaogopa kuandika. Niliona nikiandika mmoja wangu, naufukuza mmoja wako. Utasema, si ungenakili mahali? Nilinakili siku ile ile, kwenye flashi. Lakini ile nakala ni maneno tu. Nilitaka uwe unapanda kwenye mshale, kama ulivyopanda siku ile. Kwa hiyo mteja akija, namwambia mashine mbovu. Msimu wa korosho ukaingia, watu wa Lionja wanakuja na simu mpya mkononi wakitaka nyimbo, na mimi wimbo wangu ni mmoja: mbovu. Wakahamia kwingine.

Mama Salma akasikia. Alikuwa bado amekaa eda, hatoki, akaniita nyumbani. "Mbovu ni mashine au ni wewe?" Nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, ushungi umemfunika nusu ya uso. "Yule akikwama alikuwa anausoma ule mwongozo uliomo humo humo kwenye mashine," akasema. "Na wewe kasome. Duka halijafa, aliyekufa ni mume wangu."

Nikaenda kusoma. Kiingereza kigumu hicho, kamusi ya simu iko pembeni, jasho linanitoka. Nikapata mahali pa kuiambia mashine isiwe na kikomo, isitupe kitu tena. Nikaweka, nikazima, nikawasha, nikakukuta, mistari yako yote ipo. Nikapiga vigelegele peke yangu. Ungeniona ungesema nimechanganyikiwa.

Basi nikafungua duka, kazi zikafululiza. Jioni moja hamu ikanishika, nikabonyeza mshale nikuone. Mstari wangu. Wangu. Wangu tena. Nikabonyeza mpaka kidole kikauma, bado ni mimi tu. Hakuna aliyekufuta, fundi. Ulikuwa umeshakuwa mbali, na kila nikifanya kazi unazidi kwenda. Hilo liliniuma kuliko siku tuliyokuzika.

Juzi akaja bibi mmoja wa Mtua. Mjukuu wake amefuta kila kitu kwenye memori kadi, naye anataka kaswida zake, "zile alizonichagulia marehemu". Majina hayajui hata moja. Nikatazama zile nyimbo zetu zote, maelfu kwa maelfu, nikakata tamaa. Ndipo nikakumbuka vile vitufe viwili vya kutafutia mistari ya nyuma, ulivyonionyesha nikaona ni mbwembwe zako tu. Nikavibonyeza pamoja, nikaandika "mtua". Papo hapo mstari wako ukaja, mrefu, na folda uliyoipa jina lake: bibi wa Mtua. Nikagonga Enta. Kaswida zikaanza kuingia kwenye kadi yake moja moja, kwa mpangilio ule ule ulioupanga wewe. Nilipomrudishia kadi kwenye simu, bibi akaiweka sikioni, akafumba macho. "Ndizo hizi," akasema. "Mungu amrehemu yule mtoto wa watu."

Alipoondoka nikabonyeza mshale wa juu, mara moja tu. Ulikuwa wewe! Kumbe amri ya zamani ukiitumia, mashine inaiandika upya, inakuwa ya leo. Ule mstari wako umekuja mbele ya kazi zangu zote. Miezi yote ile nilijizuia kukugusa nikidhani ndiko kukutunza.

Wateja wameshajaa mlangoni, mmoja ameanza kunipigia mluzi, kwa hiyo nakuaga. Mungu akupe raha huko uliko, fundi wangu, na kaburi lako liwe na nafasi. Nami nakuahidi: sitakuogopa tena. Nitakutumia.

Mwanafunzi wako,
Zuhura