Fundi, Utaona Mwenyewe

Nyumbani,
Jumapili alasiri.

Mpendwa dada yangu,

Shikamoo. U hali gani, na baridi ya huko imepungua? Wanangu hawajambo? Sisi huku wazima, ukiniondoa mimi na tumbo langu, na hilo ndilo lililonikalisha chini nikuandikie.

Kesho napasuliwa. Usishtuke, si kama ule upasuaji wa kidole tumbo ulioniachia mshono mrefu. Safari hii daktari atatoboa matundu matatu madogo, aingize kamera, aitazame mirija ya uzazi. Anasema ule wa zamani uliacha makovu ndani, mirija ikashikana na utumbo, ndiyo maana miaka yote hii sishiki mimba. Atayakata hayo makovu polepole mpaka mirija iachie.

Dada, naogopa. Kufumua ndiyo kazi yangu, najua kinachoweza kutokea. Juzi nilikuwa nafumua gauni la mteja mjamzito nilipanue kiunoni. Wembe ukaniteleza, ukala kitambaa. Tangu nianze ushonaji halijanipata hilo. Mwenyewe alicheka tu, akasema nitie kiraka. Nikatia, halafu nikaenda uani kulia.

Tena kuna jambo nimelivuruga. Daktari aliniuliza, akikuta mrija umeharibika kabisa, autoe au auache? Unajua ninavyowaogopa wateja wa "fundi, utaona mwenyewe". Hao ndio hurudi na ugomvi. Basi mimi, kwa mdomo wangu huu, nikamjibu, "Daktari, utaona mwenyewe."

Tangu siku ile sili nikashiba. Kesho, kabla hawajanipiga nusu kaputi, nitamwambia waziwazi: okoa hata mmoja. Ukishindwa, toa, lakini nikizinduka uniambie wewe, usimtume mume wangu. Yule akiogopa hutania, nami nitajua kabla hajamaliza kusema.

Mama amekuja kunishikia nyumba, anakusalimu na anakulalamikia kwamba hupigi simu. Shangazi naye anakusalimu sana. Niombee, dada. Mungu awafunike nyote kwa rehema zake, na wanangu uwakumbatie kwa niaba yangu.

Shemeji yako pia anakusalimu. Leo hajaacha kutania tangu asubuhi.

Mdogo wako akupendaye na kukukumbuka kila siku,
Fundi wako