Naserian na Miji ya Wagiriki

Agnela, Naserian wetu kanyang'anywa kipindi cha historia! Yaani leo hii!

Jana alikuwa anafundisha habari za Wagiriki wa kale, jinsi milima ilivyowatenga mpaka kila mji ukajitawala wenyewe. Akawapa wanafunzi mfano: "Angalieni Mlima Meru. Watu wa Oldonyo Sambu wako kaskazini, wa Momela mashariki. Bila barabara, kila upande ungekuwa na serikali yake." Mkuu wa shule alikuwa amekaa nyuma, akampigia makofi. Makofi, Agnela!

Leo asubuhi kaja mzazi anafoka, eti mwalimu anafundisha watoto kuigawa nchi. Naserian akamgeukia Mkuu: "Si ulikuwepo? Mwambie nilichosema."

Unajua kajibu nini? "Mimi sikusikia vizuri."

Hakusikia vizuri!! Mtu aliyepiga makofi!

Halafu Mkuu akamtaka aombe radhi. Naserian akasema, "Nimefundisha historia. Siombi radhi." Basi, kipindi kikachukuliwa palepale.

Sasa sikia. Anayekishika ni Mkuu mwenyewe, na bila aibu kamwomba amwachie maandalio yake ya somo! Naserian kayatia kwenye mkoba mbele ya macho yake, kaondoka nayo.